Karavani la Kumfaa Nadine

Yuma, Arizona
12 Novemba 2012

Dada Twyla,

Habari za Goshen, na goti lako je? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Jua lipo, mashamba ya letasi yameshaanza kuvunwa. Nadine anakusalimu sana. Leo asubuhi ameniuliza kama umeshatia nyanya kwenye chupa, nikamwambia hizo dada alimaliza tangu Agosti, akacheka.

Sasa usishtuke. Karavani letu, Pellham letu, halipo tena. Tulikuwa tunaegesha huku jangwani, nyuma kuna korongo kavu, na upepo siku hiyo ulikuwa wa kuezua paa. Basi, mgongo wa karavani ukaingia korongoni, fremu ikakatika. Hakuna aliyeumia. Miaka kumi na minne tumelala humo, dada, halafu linavutwa na winchi mbele ya macho yangu kama mzoga. Ni upepo. Usiniulize zaidi, nikilikumbuka jambo hilo napandwa na hasira.

Bima wamekubali kulipa, kwa hiyo hilo lisikutie presha. Shida ni Nadine. Unajua amekuwa msahaulifu. Lakini ndani ya Pellham hakuwa hivyo. Mle ndani miguu yake ilijua kila kitu: hatua nne kutoka kitandani hadi chooni, mkono wa kushoto, vijiko droo ya pili, koti kwenye ndoano karibu na mlango. Sasa tupo moteli. Jana mchana alitafuta choo, akaingia kabatini, akajifungia. Nilizunguka moteli nzima nikimwita. Nilipofungua kabati nilimkuta amekaa juu ya viatu vyangu, analia bila sauti, na gauni lake limelowa.

Kwa hiyo lazima nimpatie nyumba anayoweza kuijua, na upesi, kabla ile ya zamani haijamtoka kichwani. Nataka lilelile la shingo ndefu, la kukaa mgongoni mwa pikapu, si hayo ya kukokotwa nyuma. Nimebakiza chapa tatu: Sorrel Ridge, Kittredge na Dunmarrow. Nimenunua daftari, nimechora mistari, nalinganisha. Wewe umeshona mapazia ya makaravani miaka thelathini na moja. Niambie ukweli wa kiwandani, si maneno ya wauzaji.

Ni mimi mdogo wako,
Orrin


Goshen, Indiana
20 Novemba 2012

Mdogo wangu Orrin,

Barua yako imefika, nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama palepale kwenye sanduku la barua, na baridi yote hii. Goti ni lilelile. Masikio ndiyo yamezidi kuziba. Jumapili mchungaji alitaja jina langu mbele ya watu wote, mie nimekaa tu natabasamu kama sanamu. Kanisani tulikula tambi juu ya viazi vya kuponda, nikamkumbuka wifi yangu maana yeye huomba sahani ya pili bila haya. Mpe pole nyingi.

Unataka ukweli wa kiwandani. Haya, shika. Sorrel Ridge ni urembo mtupu. Lina moto wa uongo ukutani na kuta tano za kuchomoza nje likiegeshwa, na pikapu yako haitaliweza kwenye mlima wowote. Kittredge wana miguu mizuri, kwa ekseli na springi huwezi kuwalaumu, lakini kabati zao zinapigwa pini na watu wanaokimbizana kumaliza idadi yao kabla ya saa sita mchana waende kuvua samaki. Dunmarrow wana kuta nene, ila choo chao kiko mkono wa kulia. Na nikuambie kingine kitakachokuudhi: mapazia ya chapa zote tatu tulikuwa tunayashona kwenye meza moja, kitambaa kimoja, tunabadilisha lebo tu. Hilo daftari lako lina mistari mingi kuliko tofauti zenyewe.

Njooni hapa nyumbani. Pale chini ya mti wa mjozi umeshaweka mwenyewe bomba la maji na nguzo ya umeme, na nyasi hazijaota ulipozoea kuegesha kila kiangazi.

Sasa huo upepo. Orrin, mimi ndiye niliyekulea. Ulipovunja dirisha la Baba ulisema upepo. Mbwa wa jirani alipofunguliwa mnyororo, upepo. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, kwa wema: siku hiyo unapiga rivasi, nani alikuwa amesimama nyuma akikuongoza?

Barua yangu ya Oktoba uliipata? Niliituma kwenye sanduku lenu la Dakota Kusini, pale mnapokusanyiwa barua ninyi msio na mlango.

Dada yako,
Twyla


Yuma
9 Desemba 2012

Dada,

Pole kwa masikio. Huku tumehamia kwenye kijumba cha kupanga ndani ya kambi, jirani zetu ni mume na mke kutoka Saskatchewan, wakarimu mno, wanatuletea keki kila siku mpaka nimeanza kuwakimbia. Krismasi inakaribia na watu wamezungushia kaktasi taa.

Tumekwenda kuyaona makaravani. Muuzaji anaitwa Dwight, mwanamume wa makamo mwenye shati la maua, mdomo haufungi. Tulianza na Sorrel Ridge. Nadine akapanda ngazi, akakaa kwenye kochi, akaweka mkoba magotini kama mtu aliyealikwa. Dwight akawasha ule moto wa uongo. "Mama, unaonaje hapo? Si raha mustarehe?" Nadine akasema, "Nzuri sana, bwana. Umepajenga vizuri. Mungu akubariki na mkeo." Kisha akanigeukia akaninong'oneza: "Twende nyumbani sasa, wenyewe wanataka kupumzika."

Tukaingia Kittredge. Akafungua droo ya pili, akakuta hakuna kitu, akaifunga taratibu kama mwizi. "Twende nyumbani, Orrin." Tukaingia Dunmarrow. Akahesabu hatua nne, akanyoosha mkono wa kushoto, akagusa ukuta. Akaupapasa ule ukuta, dada, akitafuta kitasa. Dwight akasema, "Choo kiko upande huu, mama!" Hakugeuka. Aliendelea kupapasa mpaka nikamshika mkono.

Nimeongeza mstari kwenye daftari: upande wa choo. Nitaandika kwa Dunmarrow kuuliza kama wanaweza kuigeuza ramani yake. Muuzaji anasema haiwezekani, lakini muuzaji anajua nini?

Barua za Dakota Kusini zimefika fungu zima. Sijazifungua zote, nyingi ni matangazo.

Upepo huku umetulia.

Orrin


Goshen
3 Januari 2013

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imefika madirishani na sijatoka siku nne. Sina habari nyingine ya familia ila hii ninayotaka kukuambia, na nimeizungushia salamu mpaka nimechoka mwenyewe.

Hukunijibu swali langu. Na hiyo ya kusema hujafungua barua zangu, Orrin, mwandiko wangu unaujua hata ukiwa umefumba macho. Basi labda umeisoma na huna la kusema. Au kweli hujaisoma. Nitaiandika tena, maana haiwezi kukaa ndani yangu siku moja zaidi.

Julai iliyopita, wewe ulikwenda kutafuta matairi. Mimi na wifi tulikuwa barazani tunamenya mahindi. Akaweka hindi chini, akainua mikono yake mbele yangu. Akasema polepole, akinitazama usoni ili nisome midomo: "Twyla, kuna mikono ya kumwita Orrin anaporudi nyuma na kuna mikono ya kumsimamisha. Ya kumwita ninayo." Akafanya hivi, viganja viwili kuelekea kifuani, njoo, njoo. "Ya kumsimamisha imenitoroka. Najua ipo. Siioni." Nikaipishanisha mikono yangu juu ya kichwa, nikamwonyesha. Akaiiga, akafurahi kama mtoto. Baada ya dakika tano akaniuliza tena.

Nikamwambia, lazima mumeo ajue. Akalia. "Akijua ataacha kuendesha, na akiacha kuendesha atakufa. Njia ndiyo inayomweka hai. Niapie." Nikaapa. Mungu anisamehe, niliapa, nikasimama uani nikawapungia mikono mlipoondoka Septemba. Mwezi mzima roho juu juu. Oktoba nikakiuka kiapo nikakuandikia: usiiamini mikono ya Nadine. Nikaituma kwenye hilo sanduku lenu, nami najua vizuri huwa hamziagizi barua zenu ziletwe mpaka mmeshaegesha na kutulia.

Simu ipo ukutani. Ningeweza kumwita jirani anipigie, azungumze kwa niaba yangu. Sikufanya hivyo kwa kuona haya. Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi.

Nijibu, hata kama ni matusi.

Twyla


Yuma
17 Februari 2013

Dada Twyla,

Wiki sita nilikuwa naandika, nachana. Nadine hajambo mwilini. Anakula, analala. Mke wa yule jirani wa Saskatchewan anamfundisha kufuma, wanafumua kila walichofuma jana.

Barua yako ya Oktoba niliisoma. Ilifika siku ya nne baada ya lile tukio. Bahasha ilikuwa juu kabisa ya fungu.

Hakukuwa na upepo. Majani hayakutikisika.

Unajua kanuni yetu, ndiyo ya wote wenye makaravani haya: asiye kwenye kioo simwoni, nisipomwona nasimama. Miaka kumi na minne sijagusa hata kopo. Wanaume kambini hugombana na wake zao hadharani wakiegesha, watu wanaleta viti kutazama. Sisi hatukuwahi kupandishiana sauti. Nilikuwa naangalia mikono yake tu, hata nyuma sikuwa nageuka.

Siku ile nilikuwa nimekata kona, naye yumo kwenye kioo cha kushoto, kofia yake nyekundu kichwani, viganja viwili vinaniita. Njoo, njoo. Nikaja. Nikajiambia mbona nafasi ni kubwa hivi. Akaita, nikaja. Ghafla upande wa kulia ukaanguka, nikasikia chuma kinapasuka chini yangu. Nikashuka mbio. Mgongo wa karavani ulikuwa umebakiza shibiri moja kufika kifuani pake. Na nyuma ya Nadine mwamba. Alikuwa bado ananiita, dada. Amesimama palepale, anatabasamu, njoo, njoo.

Tairi lisingetumbukia korongoni ningemuua mke wangu huku namtazama kwenye kioo.

Akaniuliza, "Tumefika?"

Kwa hiyo usijilaumu sana, wala mimi sijui nimlaumu nani. Mikono yake ilianza kukosea tangu masika. Mara mbili alichelewa kunisimamisha, nikasimama mwenyewe. Niliona. Nikasema ni jua limempiga, nikasema ni umri. Yeye alinificha kwa ajili yangu na mimi nilijificha kwa ajili yake, maana nilidhani yeye ndiye asiyeweza kuishi bila njia.

Tangu siku hiyo nalinganisha chapa. Daftari limejaa, nimenunua la pili. Najua urefu wa kila kitanda na uzito wa kila shingo. Nikiliweka chini itabidi nifikirie ile shibiri. Sina mbele sina nyuma.

Orrin


Goshen
26 Februari 2013

Orrin wangu,

Nimelia, nimenawa uso, nimekaa kuandika. Hukumuua. Hilo nataka uliseme kwa sauti kila asubuhi kabla ya kahawa, hata kama jirani wa Saskatchewan atakuona mwendawazimu.

Sasa nisikilize. Unamkumbuka Lavern Hostetler, yule seremala Mwamishi, wa dhehebu lile la mikokoteni ya farasi, aliyekuwa upande wa makabati nilipokuwa upande wa mapazia? Nilimsimulia habari zako. Akakuna ndevu, akasema nyuma ya ghala lake kuna Pellham. Si Pellham tu: futi thelathini na mbili, mwaka uleule wa lenu. Aliachiwa na mtu ambaye hakurudi. Kuku ndio wapangaji.

Nimekwenda kuliona, na goti langu hili. Linanuka, zulia limekwisha, lakini sakafu ngumu. Choo mkono wa kushoto, hatua nne, nimezipiga mwenyewe. Droo ya pili inakwama kidogo, kama yenu. Nikageuza pindo la pazia la jikoni, nikakuta uzi mwekundu. Miaka ile nilikuwa naweka mshono mmoja mwekundu kinyume cha amri za msimamizi, ili siku moja nikikuta kazi yangu duniani niijue. Sikuwahi kuikuta hata siku moja, hata ndani ya lenu, mpaka juzi.

Lavern hataki chochote, anataka tu kuku wake wapate makao pengine. Ataliosha, atalitandikia zulia jipya, na jirani yangu atalivuta mpaka chini ya mjozi kwa trekta lake. Choma moto hayo madaftari.

Lakini nina sharti moja, na usinipige chenga. Likikaa, matairi yatolewe.

Twyla


Yuma
11 Machi 2013

Dada,

Karavani bila matairi ni banda. Nimeshasema, nimemaliza.

Tunakuja. Tutaondoka theluji ya huko ikiyeyuka. Nitaendesha pikapu tupu nyuma, nitajiona kama mtu aliyevuliwa suruali barabarani. Nilipomwambia Nadine kuwa tunakwenda kwenye Pellham, alisimama akavaa koti papo hapo. Amelivaa mpaka sasa.

Matairi usiyaguse. Nikiyatoa, nitayatoa kwa mkono wangu.

Orrin


Uani kwako
19 Mei 2013

Dada Twyla,

Barua hii imesafiri hatua thelathini. Usicheke. Wewe husikii mpaka nipige kelele, na nikipiga kelele atasikia Nadine. Nitaipitisha chini ya mlango wa jikoni wakati unaangalia bustani.

Ile siku ya kwanza uliona mwenyewe. Alipanda ngazi bila kushikwa. Akatundika koti. Akavuta droo ya pili, akaitikisa kidogo kushoto inapokwama, akatoa kijiko. Akaenda chooni, akatoka, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani. Wewe ulikuwa chini na Lavern mnapigana mabega kwa furaha. Mimi nimesimama mlangoni machozi yananitoka, nasema moyoni nimeweza, walau hili nimeliweza.

Hukuona kilichofuata. Aligeuka akaniona. Akasimama kwa heshima. "Samahani, bwana, nafikiri umekosea mlango. Hapa ni kwetu. Mume wangu yuko nje anaegesha, sasa hivi ataingia."

Nikasema, "Nadine, ni mimi."

"Ndiyo, bwana. Lakini akikukuta humu ndani, haitakuwa vizuri."

Nikatoka. Nikakuambia nakwenda kukagua bomba.

Wiki tatu sasa. Nyumba yote anaijua ila mimi. Nikibisha hodi ananikaribisha, ananipa chai, anaitia sukari vijiko viwili kama anavyowatilia wageni, na mimi nainywa. Ananisimulia habari za mumewe. Anasema ni dereva hodari, hajawahi kugusa hata kopo. Anasema anachelewa leo, sijui njia ina nini. Nalala kwenye kochi lako ukidhani ni mgongo unaniuma.

Alhamisi sikuwa na pa kwenda, nikaingia kwenye pikapu. Ilikuwa imeegeshwa pale mbele, haijafungwa kitu, injini imezimwa. Saa kumi jioni. Nikainua macho, nikamwona kwenye kioo cha kushoto. Ametoka na kofia yake nyekundu, amesimama chini ya mjozi. Ameinua viganja viwili. "Rudi, Orrin! Rudi, mume wangu, nafasi ipo!"

Aliniita jina langu, dada.

Tangu hapo nakwenda kila siku saa kumi. Kwenye kile kioo ndimi mume wake, kwingine kote mimi ni mgeni. Ananiita, anacheka, ananitania kuwa nimezeeka mpaka sioni vizuri. Lakini mikono ya kusimamisha haipo. Anaita tu. Jana ameita mpaka mabega yakamlemea, jasho linamtoka, naye haachi kwa sababu mimi sifiki. Na mimi siwezi kurudi hata inchi moja. Nikishuka mwenyewe, kabla hajanisimamisha, namkuta amekunja uso: "Bwana, ondoka hapo, utagongwa na mume wangu."

Nimefikiri kila njia, sina. Kwa hiyo nakuomba hili moja. Leo saa kumi usije kunitoa kwenye gari ukidhani nimechanganyikiwa. Njoo usimame karibu naye. Akishaniita vya kutosha, mfanyie ile ya pili, ile uliyomwonyesha Julai. Labda akiiona mikononi mwako atanihesabu kuwa nimefika.

Matairi ya karavani nimeyatoa asubuhi hii. Yako bandani kwako, nimeyafunika turubai.

Orrin


(Nyuma ya karatasi ileile, kwa penseli)

Nitasimama. Nikipishanisha mikono ushuke taratibu, uje kwa upande wake, akuone ukitoka mlangoni mwa gari.

Ufunguo wa pikapu uniachie mimi.

T.